Uchambuzi wa kisa: Mhitimu wa uhasibu mwenye majina matatu

Kisa hiki ni cha mhitimu mmoja wa Tanzania. Jina lake, chuo, mkoa na waajiri vimeondolewa. Tumemwita Zuhura, na majina mengine yaliyomo humu ni ya kubuni, ila aina ya makosa ya herufi imeachwa ilivyokuwa kwa sababu ndiyo kiini cha sehemu kubwa ya kisa.

## Usuli

Zuhura alihitimu shahada ya kwanza ya uhasibu kwa GPA ya 3.6, yaani daraja la pili la juu, na mahafali yakafanyika Novemba. Alisoma kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Akiwa chuoni alifanya mafunzo kwa vitendo, fildi kama wenyewe wanavyoiita, kwa wiki nane katika ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu. Huko alipanga hati za malipo na kulinganisha madaftari ya fedha na taarifa za benki. Hakuwa amejisajili NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na Excel aliijua kwa kiwango cha kujumlisha safu na kupaka rangi visanduku.

Nyumbani matarajio yalikuwa mamoja: aajiriwe serikalini. Jambo hilo lina uzito, kwa maana ndilo lililoamua muda wake ulikwenda wapi katika mwaka wa kwanza.

Nyaraka zake zilikuwa hivi. Cheti cha kuzaliwa kilisomeka Zuhura Said. Vyeti vya kidato cha nne, cha sita na shahada vilisomeka Zuhura Saidi Omari. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kikasomeka Zuhura Said Omary. Hakuna aliyefanya hila yoyote. Shuleni aliandikishwa kwa majina ya baba na babu, cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa na mzazi miaka mingi baadaye kwa majina mawili tu, na siku ya kujiandikisha NIDA herufi ya mwisho ikaingia kama mwandikishaji alivyozoea kuiandika. Zuhura alizijua tofauti hizo tangu chuoni. Aliziona ndogo.

## Mtiririko wa matukio

Desemba hadi Mei. Alifungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Ajira Portal, na kutuma maombi 18 katika miezi sita. Kwa upande wa kampuni binafsi alituma barua pepe 43. Kati ya hizo, 14 zilikuwa barua moja: aliweka anwani zote za kampuni kwenye mstari wa mpokeaji, kila mmoja akiona za wenzake, kichwa cha barua kikiwa tupu, na faili likiitwa "CV yangu mpya final 2". Hakuna hata mmoja aliyejibu.

Katika zile 29 nyingine walijitokeza wawili. Kampuni ya kwanza ilimpigia kwenye laini aliyokwisha kuipoteza. Aligundua wiki tatu baadaye alipoandika kuuliza, akajibiwa kwamba walimtafuta na nafasi imejazwa. Kampuni ya pili ilimwita kwenye jaribio: akokotoe PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ya wafanyakazi 20 kwenye Excel kwa dakika 45. Alitumia kikokotoo cha simu, mmoja baada ya mwingine, akaishia kwa mfanyakazi wa sita.

Kati ya hapo alipokea pia ujumbe wa "ajira" uliomtaka atume sh. 85,000 za vipimo vya afya kabla ya kuripoti kazini. Hakutuma. Mwajiri halali hamtozi muombaji fedha, iwe ya fomu, ya usaili au ya vipimo, na ombi la aina hiyo halihitaji uchunguzi zaidi.

Juni. Ombi moja kati ya yale 18 lilimfikisha kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa mchujo, kada ya Afisa Hesabu Daraja la II. Matangazo haya hutoka kama faili la kurasa nyingi; kurasa za mwanzo ni maelekezo, zinazofuata ni majina. Zuhura alilifungua kwenye simu, akatafuta jina lake kwa kitufe cha kutafuta, akaliona, akapiga picha ya skrini na kulifunga. Maelekezo hakuyasoma.

Humo ndani ilikuwa imeandikwa kwamba kila msailiwa aje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa. Kwamba hati za matokeo za muda hazitapokelewa. Kwamba anakili namba yake ya usaili kutoka kwenye akaunti kwa sababu haitatolewa siku hiyo. Kwamba anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Na kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na deed poll, yaani hati ya kubadili majina iliyosajiliwa.

Dada yake, aliyekuwa na mashaka na yale majina, alimpeleka kwa wakili siku mbili kabla ya safari. Wakaandika kiapo cha ukurasa mmoja kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja. Kwenye meza ya uhakiki kiapo hakikutosha. Alirudi na basi la jioni bila kuingia kwenye chumba cha mtihani, akiwa ametumia nauli ya kwenda na kurudi na usiku mmoja wa gesti.

Julai hadi Septemba. Hapa alifanya kazi moja tu, kusawazisha majina. Wakili aliandaa deed poll ambayo ndani yake Zuhura anaacha kutumia "Zuhura Said" na "Zuhura Said Omary" na kubaki na "Zuhura Saidi Omari" kwa nyaraka zote. Ikalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kisha akaipeleka NIDA pamoja na vyeti vya shule kuomba marekebisho. Usajili wa hati ulikuwa suala la wiki. Marekebisho ya NIDA yalimchukua muda mrefu zaidi, na kipindi hicho chote alitembea na nakala ya deed poll iliyothibitishwa.

Oktoba. Alikaa na mshauri wa ajira wakapitia maombi yote 18 moja moja, kwa kulinganisha tangazo na alichokituma. Ndani ya akaunti, hali ya kila ombi huonekana, na kwa baadhi sababu ya kutoitwa huandikwa. Matokeo ya upitiaji huo yanastahili kusomwa polepole. Maombi 11 yalikuwa ya Mhasibu Daraja la II, na matangazo yote 11 yalitaka CPA(T), sifa ya juu ya uhasibu inayopatikana kwa mitihani ya NBAA, au sifa inayolingana nayo. Matatu yalikuwa na kasoro ya barua: mbili hazikusainiwa, moja ilitaja nafasi ya tangazo la mwezi uliotangulia. Mawili aliyatuma kabla cheti cha shahada hakijatoka, akapakia transkripti mahali pa cheti. Moja halikuwa na sababu iliyoandikwa. Moja ndilo lililomfikisha kwenye usaili wa Juni.

Kwa hiyo kati ya maombi 18, yaliyokuwa na nafasi ya kweli ya kushindana ni mawili.

Novemba. Alimwandikia msimamizi wake wa fildi kwa WhatsApp. Hawakuwa wamewasiliana tangu alipoondoka ofisini pale. Ujumbe ulikuwa huu, umepunguzwa kidogo tu:

"Shikamoo Mama. Ni Zuhura niliyefanya field kwako mwaka juzi, nilikaa dawati la karibu na kabati la mafaili ya benki. Naomba radhi kwa kukaa kimya. Nilihitimu Novemba iliyopita na bado natafuta kazi. Nina maombi mawili. Naomba ruhusa nikuweke kama mdhamini kwenye CV. Na la pili, ukiwapokea vijana wapya siku hizi unaona wanapungukiwa nini zaidi? Nataka nijifue hapo kabla ya Januari. Nitashukuru hata kwa jibu fupi."

Jibu lilikuja siku ya pili: "Marahaba mwanangu. Niweke tu. Excel zenu mbovu, na return ya VAT hamjui hata tarehe yake. Ukijifua hapo niambie."

Alijifunza kwa wiki tano. Aliunda jedwali la mishahara ya watu 20 wa kubuni, akaandika kanuni moja ya kukokotoa PAYE na kuivuta chini kwa wote. Akajifunza kalenda ya kodi: PAYE hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katikati ya Desemba alimtumia yule Mama faili la jedwali lake, bila maneno mengi.

Mwezi huohuo aliitwa tena kwenye usaili wa mchujo wa serikali, akavuka, akaenda mpaka mahojiano. Huko ndiko alikokwama, na tutaligusa kwenye uchambuzi.

Januari. Msimamizi alimpa namba yake meneja wa fedha wa kampuni ya usambazaji bidhaa iliyokuwa inafunga hesabu za mwaka ulioisha 31 Desemba na kuzidiwa na kazi. Aliitwa kwenye jaribio la nusu siku.

Alipewa daftari la fedha la mwezi mmoja, salio sh. 4,812,000, na taarifa ya benki yenye salio sh. 5,235,500. Alitakiwa aeleze tofauti. Upande wa benki aliondoa hundi ambazo hazijawasilishwa, sh. 465,000, na kuongeza fedha iliyopelekwa benki siku ya mwisho lakini haijaingia, sh. 300,000. Akapata 5,070,500. Upande wa daftari aliondoa makato ya benki yasiyoandikwa, 18,500, na kuongeza fedha ambayo mteja aliiweka moja kwa moja, 250,000. Akapata 5,043,500. Ikabaki tofauti ya 27,000 ambayo haikuwa na mwenyewe.

Wasailiwa wengi hapa huanza kupitia upya kila mstari. Zuhura aliigawanya 27,000 kwa 9, ikagawanyika bila baki, na hiyo ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi. Akatafuta mapokezi ambayo tarakimu zake mbili zikigeuzwa hutoa tofauti hiyo. Risiti ya 63,000 ilikuwa imeingizwa kama 36,000. Alijifunza mbinu hiyo fildini, kwenye dawati lile la karibu na kabati.

Alichukuliwa kama kibarua wa miezi mitatu.

Aprili. Kampuni ilimpa mkataba wa mwaka mmoja kama msaidizi wa hesabu. Kwa simu aliambiwa mshahara ni "laki saba".

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza mkubwa ulikuwa jina lipi libaki. Angeweza kuchagua la NIDA, ambalo ndilo linalosomwa na benki na kampuni za simu. Alichagua la vyeti vya shule. Sababu ni ya kiutendaji: majina ya vyeti vya NECTA, Baraza la Mitihani, husajiliwa mwanafunzi akiwa bado shuleni, na kuyagusa baada ya vyeti kutoka ni kazi ngumu, tena ukigusa cha kidato cha nne unalazimika kukimbizana na cha sita na cha chuo. Kitambulisho ni kimoja, vyeti ni vitatu. Unarekebisha kilicho kimoja kifuate vilivyo vitatu.

Wa pili ulikuwa kuacha kuomba nafasi za Mhasibu Daraja la II mpaka apate CPA(T). Uamuzi huu ulimuuma, maana nafasi hizo ndizo zinazotangazwa kwa wingi na ndizo jina lake linasikika vizuri nyumbani. Lakini mchujo wa nyaraka hauna huruma: sharti likiwepo kwenye tangazo na cheti hakipo kwenye akaunti, ombi limeishia hapo. Alibaki na Afisa Hesabu Daraja la II, ambayo matangazo aliyoyapata yaliridhika na shahada, na nafasi za kampuni binafsi.

CV ilikatwa kutoka kurasa nne hadi mbili. Vilivyoondoka: majina ya wazazi, dini, shule ya msingi, mambo ayapendayo na lile tamko la mwisho la "nathibitisha kuwa yote niliyoandika ni kweli". Kilichoongezwa ni mistari minne chini ya fildi. Kabla iliandikwa "nilijifunza mambo mbalimbali ya uhasibu na ukaguzi". Baadaye ikawa: alilinganisha madaftari ya fedha na taarifa za benki za wateja, akaandaa orodha ya hundi zisizowasilishwa, akapanga hati za malipo kwa namba na tarehe, na akaripoti hati zilizokosa saini. Kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba sasa meneja wa fedha akisoma anajua ampe dawati gani.

Wadhamini watatu waliokuwa kwenye CV ya zamani hawakujua kwamba wamewekwa. Mmoja wao, mhadhiri, alikuwa ameshahama chuo na namba yake haikupatikana. Wote walipigiwa simu upya au kubadilishwa.

Kuhusu mshahara, alifanya hesabu kabla ya kujibu. Meneja alipoulizwa alithibitisha kwamba laki saba ni kabla ya makato na yote ni mshahara wa msingi. Mchango wa NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 ni 70,000. Inabaki 630,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE vya Tanzania Bara vya wakati huo, 270,000 ya kwanza haitozwi, 250,000 inayofuata hutozwa asilimia 8 (20,000), na 110,000 iliyobaki asilimia 20 (22,000). Kodi ni 42,000. HESLB asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 105,000. Mkononi zinabaki 483,000. Nauli na chakula cha mchana alikadiria 6,000 kwa siku, siku 26, yaani 156,000. Zinabaki 327,000.

Kwa hesabu hiyo mezani hakusema "naomba muongeze". Alisema makato ya mkopo wa elimu ya juu yanachukua 105,000 kila mwezi, akaomba posho ya nauli, na ruhusa ya siku za mitihani ya NBAA, ambayo hufanyika Mei na Novemba. Posho ya nauli ya 60,000 ilikubaliwa. Ruhusa ya mitihani ilikubaliwa na kuandikwa kwenye mkataba. Ada ya mitihani walikataa kulipa.

Alisoma mkataba kabla ya kusaini na kuuliza mambo mawili: muda wa majaribio ni miezi mingapi, na likizo imeandikwa siku ngapi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na siku 21 za likizo. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara inatoa siku 28 kwa mwaka. Ilirekebishwa bila mvutano. Pengine aliyeiandaa alinakili mkataba wa zamani wa nchi nyingine, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

## Matokeo

Kutoka mahafali hadi siku ya kwanza ya kulipwa ilikuwa miezi 14. Usaili wa serikali wa Desemba haukumpa nafasi. Amejisajili NBAA na kupangiwa mitihani. Kitambulisho chake sasa kinafanana na vyeti vyake, na deed poll halisi ipo kwenye bahasha moja na vyeti, nakala zikiwa kwenye simu na barua pepe.

## Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi ni yale maombi 11. Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia suala la majina kwa sababu lina machungu ya safari na mlango kufungwa. Lakini majina yalimnyima usaili mmoja. Kutosoma sifa za kada kulimnyima nusu mwaka, tena kimyakimya. Kila ombi lilimpa hisia kwamba anafanya kazi ya kutafuta kazi, ilhali lilikuwa limekwisha kukataliwa kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma.

Dawa yake ni kazi ya dakika kumi kwa kila tangazo. Chukua karatasi, upande wa kushoto andika kila sharti lililopo kwenye kipengele cha sifa, upande wa kulia andika jina la hati uliyonayo inayolithibitisha. Si "naweza" au "nimesoma kitu kinachofanana". Jina la hati. Sharti likikosa hati upande wa kulia na halijaandikwa kuwa ni nyongeza, usiombe. Jina la kada lisikudanganye: Mhasibu, Afisa Hesabu na Msaidizi wa Hesabu ni milango mitatu yenye funguo tofauti, na mwenye shahada anaweza kufungiwa nje ya mmoja akapita kwa mwingine siku hiyohiyo.

Kuhusu majina, kosa halikuwa kukosa deed poll siku ya usaili. Kosa lilikuwa kuijua tofauti tangu chuoni na kuisubiri iwe dharura. Hati inayopita kwa wakili, ikalipiwa ushuru na kusajiliwa haiwezi kupatikana kwa siku mbili, na kwa dharura mtu huishia kununua kile kinachopatikana haraka, yaani kiapo. Kiapo kina matumizi yake. Kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Deed poll inaamua jina moja libaki na mengine yaachwe, na inabaki kwenye daftari la msajili ambapo ofisi nyingine inaweza kuihakiki. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma hapa aweke vyeti vyake na kitambulisho mezani leo, asome herufi kwa herufi: Said na Saidi, Omari na Omary, Mohamed na Muhammad, jina la kati lililoandikwa kamili huku na herufi moja kule. Mwaka wa pili ndio wakati wake, kwa kuwa bado kuna likizo ndefu mbele na hakuna tangazo linalomsubiri.

Usaili wa Desemba ulishindikana kwa sababu tofauti kabisa, na hapo Zuhura alijiandaa vibaya. Alirudia madaftari ya chuo: mizania, hesabu za kampuni, uwiano wa kifedha. Jopo likamuuliza malipo ya serikali hupita kwenye mfumo gani, hakuijua MUSE. Likamuuliza manunuzi hufanyika wapi, hakuijua NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Alijua IPSAS ni viwango vya uhasibu wa sekta ya umma lakini hakuweza kueleza tofauti ya kuandika mapato yanapostahili na yanapopokelewa kwa mfano wa halmashauri. Vitu hivi havifundishwi kwa uzito chuoni, ila vinapatikana: Sheria ya Fedha za Umma, Sura ya 348, ni ya kusomwa na kila mtu, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hutolewa kila mwaka zikiwa zimejaa mifano ya hati zilizokosekana na malipo yaliyokosewa. Anayeomba kazi ya hesabu serikalini bila kusoma hata sura moja ya ripoti ya CAG anaingia mikono mitupu.

Ujumbe kwa msimamizi wa fildi ulifanya kazi, na inafaa kuuliza kwa nini. Ulimkumbusha mpokeaji ni nani anayeandika kwa kitu anachoweza kukiona kichwani, lile dawati. Haukuomba kazi, ombi ambalo mtu akikosa la kujibu hunyamaza. Uliuliza swali ambalo kila msimamizi ana jibu lake tayari, tena la malalamiko. Na kilichoukamilisha ni faili la Desemba: alipewa kazi, akairudisha imefanyika. Bila faili lile ujumbe ungebaki salamu tu.

Hata hivyo tusimpe Zuhura sifa zisizo zake. Bahati ya majira ilimsaidia. Kampuni nyingi zinafunga mwaka Desemba, wakaguzi wanaingia Januari hadi Machi, na ritani ya kodi ya mapato ya mwaka inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Hicho ndicho kipindi ambacho idara ya fedha inakubali kibarua bila kupita kwenye tangazo. Ujumbe uleule ungetumwa Juni huenda ungepata "marahaba" na basi. Mhitimu wa uhasibu akiwa na watu wa kuwaandikia, awaandikie Oktoba na Novemba. Wa kada nyingine watafute msimu wa kwao: wa kilimo kabla ya mvua, wa hoteli kabla ya Juni wageni hawajajaa.

Zile barua pepe 43 hazina mengi ya kusema. Ile ya anwani 14 ilikuwa hasara tupu. Laini iliyokufa ni uzembe unaozuilika kwa kuipigia namba iliyo kwenye CV kabla ya kutuma. Jaribio la PAYE ndilo lililokuwa na faida, kwa kuwa lilimwonyesha mapema kabisa pengo lake halisi, lakini hakulifanyia kazi hadi msimamizi aliporudia neno lilelile miezi baadaye. Nusu mwaka ilipita kati ya kuambiwa na jaribio na kuambiwa na mtu.

Suala la mkataba lilikwenda vizuri kwa kiasi. Kuuliza kama laki saba ni kabla au baada ya makato kulimwokoa na mshtuko wa mwezi wa kwanza. Alichokosea ni kukubali mkataba wa mwaka mmoja bila kuuliza unahuishwaje. Haukusema atajulishwa siku ngapi kabla ya kuisha kama utaendelea au la, na mtahiniwa wa CPA(T) anayepanga ada za Mei angehitaji kulijua hilo kufikia Januari. Ameshauriwa alipeleke swali hilo kwa maandishi kwa meneja rasilimali watu sasa, akiwa bado na miezi minane mbele.

Jambo moja halijatatuliwa. Cheti chake cha kuzaliwa bado kina majina mawili. Deed poll inakifunika kwa usaili wa ndani ya nchi, lakini akitaka hati ya kusafiria au kusoma nje swali litaibuka tena, na safari hii atakuwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wa kumaliza naye.